Nani Atarithi? Historia ya Kubashiri Uongozi Baina ya Kasongo na Kabambare

Livingstone alipowasili Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mwezi wa Septemba mwaka 1869, alikuta mkubwa wa nchi ile, ambaye katika daftari lake la safari amemwandika kwa jina la Moenekuss, amekwisha fariki si zamani, na mahali pake wamekaa wanawe wawili, Moenembagg na Moenemgoi. Mgeni yeyote ambaye angalipewa siku chache za kukaa barazani, akitazama nani anasema na nani ananyamaza, angaliapa kwamba mwenye nchi ni Moenembagg, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, mwenye busara zaidi, na msemaji katika kila shauri zito. Lakini Livingstone, ambaye maradhi ya vidonda yalimkalisha katika nchi hiyo muda mrefu kuliko alivyotaka, aliandika kwamba mwenye mamlaka alikuwa yule mdogo, Moenemgoi.

Habari hiyo ni ndogo, na wengi waipitao hawaitazami mara ya pili. Walakini ndani yake mna asili ya jambo ambalo limewashughulisha watu wa upande huu, Wamaza na Wabangubangu, Wazimba na Wakusu, na Waungwana waliochanganyika nao, tangu siku za misafara ya pembe mpaka siku za masanduku ya kura: kwa dalili gani mtu aweza kujua, kabla ya siku ya kutawazwa, ni yupi kati ya wanaotajwa ambaye nyota yake inapanda, na ni yupi ambaye watu wameanza kumpa kisogo? Swali hilo halikuwa la udadisi tu. Mfanyabiashara aliyetoka Ujiji, akavuka ziwa, akashika njia ya Kabambare kwenda Kasongo, akiwa na mizigo ya nguo na ushanga ambayo aghalabu aliikopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, alilazimika kutoa hongo kwa mkubwa wa kila nchi aliyoipita. Na akimpa hongo mtu ambaye kesho si mkubwa, amelipa bure, tena amejitafutia uadui kwa yule aliyemdharau. Wengine walikwenda kwa wapiga ramli. Wengi, hata miongoni mwa hao waliokwenda kwa wapiga ramli, hawakuacha kutazama kwa macho yao wenyewe.

Katika wote waliotazama kwa macho yao hapana aliyefaidika kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Sifa ilikuwa imemtangulia tangu mwaka 1867, alipomvunja Nsama wa Itabwa, mtu ambaye majirani zake wote walidhani havunjiki. Na mwenye kusoma habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake na Heinrich Brode akazipiga chapa, ataona kwamba baada ya vita hivyo nusu ya kazi yake katika kila nchi ilifanywa na uvumi kabla yeye hajafika. Hata hivyo, Utetela hakuipata kwa bunduki. Alikuwa amesikia kwamba mzee Kasongo Rushie, mwenye nchi hiyo, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani wakapelekwa Urua, wasionekane tena. Naye akatoa habari kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa mateka wale, kwa hiyo ni damu ya mzee. Mzee akasadiki, akampokea kwa furaha, akamkabidhi nchi.

Nasaba ile mimi naisoma kuwa ni hila, na sidhani kwamba msimulizi mwenyewe alikusudia tuisome vingine. Lakini hila hufaulu pale tu inapokuta haja. Bila ya shaka walikuwapo Utetela watu waliojihesabu kuwa karibu na kiti, wenye watu nyuma yao na sauti barazani, ambao kila mpima mambo angaliwataja kwanza. Na wote hao walipitwa na mgeni mmoja, kwa sababu uteuzi ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo, katika uzee wake, alichokitaka si shujaa wala msemaji bali ndugu zake waliopotea. Wapimaji walitazama waombaji, na Tippu Tip akamtazama mtoaji.

Kutoka huko akaingia Nyangwe, kisha Kasongo, mnamo mwaka 1875, na walowezi wa Kasongo wakamkubali kuwa mkubwa wao. Sina haja ya kueleza hapa jinsi mji ulivyokua, wala mapatano yake na Stanley mwaka 1876, kwa kuwa mambo hayo yamekwisha andikwa na wengi. Lililo muhimu kwa maneno yetu ni kwamba mwezi wa Februari 1887 alifanywa Wali wa Maporomoko ya Stanley, kwa mkataba na Mfalme Leopold wa Pili na mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na kwa hivyo akapata nafasi, ambayo wenzake wa Kasongo hawakuipata, ya kuona kwa karibu merikebu za moshi za Dola Huru ya Kongo na silaha zake. Na kwamba mwaka 1890 alifunga safari ya kwenda Unguja, asirudi tena. Nadhani mtu yule, aliyejua kupima upepo kuliko wote, alikuwa amekwisha pima.

Aliowaacha nyuma hawakuwa sawa naye. Rashid bin Muhammed, jamaa yake, alikuwa Maporomoko. Sefu, mwanawe, alikuwa Kasongo. Mwinyi Mohara alikuwa Nyangwe. Na Muhammed bin Khalfan el Barwani, aitwaye Rumaliza, alikuwa Ujiji, na mkono wake ukifika Kabambare. Kila mmoja alikuwa na watu waliomhesabu kuwa mrithi wa heshima ya Tippu Tip, na hapana aliyekubaliwa na wote. Juu ya hayo, kutoka magharibi ilikuwa inakuja Dola, nayo inataka urithi ule ule. Basi wakubwa wa vijiji vya Maniema, wenye mashamba ya mpunga na mihogo, wenye wapagazi na wenye mitumbwi, wakajikuta mbele ya swali lile lile la msafiri na hongo yake, ila sasa dau lilikuwa roho zao.

Mtu ambaye mwanzoni mwa mwaka 1892 angalihesabu bunduki, watumwa na akiba za vyakula, asingalisita kusema kwamba Kasongo itashinda. Aliyetazama vizuri angalimtazama Ngongo Lutete. Huyu hakuwa Mwarabu wala mtu wa pwani. Alikuwa mtu wa bara, aliyeinuka katika utumishi wa Tippu Tip mpaka akawa na ngome yake Ngandu, karibu na mto Lomami, na maelfu ya watu chini ya amri yake, na pembe alizozikusanya zikapelekwa Kasongo. Katika miezi ya Aprili na Mei mwaka huo alipigwa na Francis Dhanis, afisa wa Dola. Na mwezi wa Septemba akafanya amani naye, akaahidi kuwa upande wake. Wakubwa wengine wa magharibi, Lumpungu na Pania Mutombo, walikuwa huko kabla yake. Nami nasema kwamba vita vya Maniema viliamuliwa mwezi ule wa Septemba, si kwa sababu Ngongo aliongeza hesabu ya askari wa Dola tu, ingawa aliiongeza sana, bali kwa sababu kila mkubwa mdogo aliyekuwa akisitasita sasa alikuwa na mfano wa kutazama.

Sefu hakuliona jambo hilo, au aliliona akalipa jina lisilo lake. Kwake Ngongo alikuwa mtumwa aliyeasi, na dawa ya mtumwa aliyeasi ni kurudishwa na kutiwa adabu. Kwa hiyo akadai kwa Dola kwamba atolewe, na alipokataliwa akaenda na jeshi kubwa mpaka Lomami, akamchukua pamoja naye De Bruyne, mmoja wa wajumbe wawili wa Dola waliokaa Kasongo, ili awe mpatanishi. Huyo De Bruyne, wenzake wa ng'ambo ya pili walipomshauri ajitose mtoni aogelee awafikie, alikataa, kwa kuwa mwenzake Lippens alikuwa bado Kasongo na angeuawa kwa ajili yake. Akarudi na waliomleta, na mwezi wa Disemba wote wawili wakauawa. Sefu alikuwa amekwisha shindwa tarehe 23 Novemba. Mwanzoni mwa mwaka 1893 Mwinyi Mohara naye akafa vitani.

Lakini dalili iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa haijaonekana bado, nayo ilikuwa majini. Dhanis alipofika ukingo wa magharibi wa Lualaba, mkabala wa Nyangwe, alikaa hapo zaidi ya mwezi mmoja bila ya kuvuka, akiutazama mji kwa macho na kuupigia risasi, kwa kuwa hakuwa na mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa ya Wagenia, watu wa mto, na Wagenia hawakuwa na haja ya kumpenda mtu wa upande wowote. Yafaa kukumbuka kwamba Livingstone, mwaka 1871, alikaa Nyangwe miezi akitafuta mtumbwi mmoja wa kununua, asiupate, maana watu wa mto walimdhani kuwa mmoja wa wafanyabiashara. Na kwamba tarehe 15 Julai mwaka huo, katika soko la Nyangwe, ambalo lilikuwa na watu zaidi ya elfu siku hiyo, wengi wao wanawake, watu wa mfanyabiashara Dugumbi walifyatua bunduki, na wengi wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa maji, hata wenye kuufanya uovu ule wakakisia waliokufa kuwa mia tatu na kitu. Miaka ishirini na miwili si mingi. Vijana walioogelea siku ile walikuwa wazee wa mitumbwi mwaka 1893, na mtu aliyetaka kubashiri nani ataishika Nyangwe angalifanya vema kuacha kuhesabu bunduki, akaenda kukaa na watu hao. Mwanzoni mwa Machi Wagenia wakaleta mitumbwi. Tarehe 4 Machi Nyangwe ikaingiwa. Na tarehe 22 Aprili Kasongo ikatwaliwa kwa muda wa saa chache.

Sidney Hinde, tabibu wa Kiingereza aliyekuwa katika jeshi la Dola, ameandika habari za vita hivyo kwa majivuno ya mshindi, na msomaji ampunguzie. Lakini anapoeleza waliyoyakuta Kasongo, magodoro ya hariri na mablanketi, mishumaa, sukari, vibiriti, bilauri za fedha na vioo, na mashamba ya machungwa, makomamanga, mapera na mananasi, hana sababu ya kuongeza. Mji wenye neema kama ile si rahisi kuuona kuwa umekwisha anguka. Nadhani hiyo ndiyo iliyowapumbaza wakazi wake.

Na yule aliyegeuka kwanza? Tarehe 15 Septemba 1893, mwaka mmoja baada ya amani yake, Ngongo Lutete alishitakiwa Ngandu na maafisa wa Dola kwamba anakusudia khiyana, akahukumiwa haraka haraka, akapigwa risasi. Askari waliotoka katika watu wake hawakulisahau jambo hilo, nao walikuwamo katika maasi ya Luluabourg ya Julai 1895. Sefu aliuawa vitani Oktoba 1893. Rumaliza alivunjwa Januari 1894, na Kabambare ikatwaliwa tarehe 25 ya mwezi huo. Basi Ngongo aliupima upepo sawasawa, kuliko Sefu, kuliko Rumaliza, na usahihi wa kipimo chake haukumwongezea umri hata wa miezi miwili kupita ule wa Sefu, ulimpunguzia.

Baada ya hapo, kwa muda wa zaidi ya miaka sitini, sanaa hii ilikuwa na kazi ndogo. Amri ya Mei 1910 iliwafanya wakubwa wa nchi kuwa watumishi wanaothibitishwa na serikali ya kikoloni na kuvishwa medali, na amri ya Disemba 1933 ikaongeza kuunganisha nchi ndogo ndogo katika sekta. Mtu aliyetaka kujua nani atarithi hakuwa na haja ya ramli, bali ya kujua nani anaitwa mara kwa mara bomani.

Ukaja mwaka 1959. Mwezi wa Disemba Wabelgiji walifanya uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na ya miji, ambao ulikuwa kama mchujo wa kwanza kabla ya ule mkubwa, na chama cha PNP, kilichokuwa na wakubwa wa kienyeji wengi ndani yake na kibali cha watawala nyuma yake, kikaonekana kimetangulia. Wengi katika watawala wakatulia. Mwezi wa Mei 1960, nchi nzima ilipopiga kura, PNP ilipata viti 15 kati ya 137 vya bunge, na MNC ya Patrice Lumumba ikapata 33, ikawa chama cha kwanza. Na katika jimbo la Kivu, ambamo Maniema ilikuwamo wakati huo, Maniema ilikuwa ngome ya Lumumba, ilhali sehemu nyingine za jimbo zilikwenda zaidi na chama cha Cerea. Watawala walikosea kwa sababu walipima kura za Disemba kana kwamba watu waliozipiga walikuwa huru na wakubwa wao, na kumbe miezi mitano baadaye raia walikuwa wamekwisha jua kwamba mkubwa mwenyewe, Mbelgiji, anaondoka.

Wenzetu wa Marekani wameifanya shughuli hii ya kubashiri kuwa elimu yenye wataalamu na mishahara. Huko wagombea wa chama hupitia majimbo moja moja kabla ya kuteuliwa, na Iowa na New Hampshire, majimbo madogo, kwa muda mrefu yalikuwa ya kwanza, hata watu wakahesabu kwamba atakayevuma huko atavuma kote. Mwaka 1976 Jimmy Carter alipata Iowa takribani kura 28 katika mia, na wengi kuliko hao walisema hawajachagua mtu. Lakini kwa kuwa aliwazidi wagombea wenzake, jina lake likaenea, akawa rais. Mwaka 2008 Barack Obama alishinda Iowa tarehe 3 Januari, na wapimaji wote wakasema atashinda New Hampshire siku tano baadaye. Akashinda Hillary Clinton. Na kwa jirani zetu wa Tanzania, katika mkutano wa CCM wa Dodoma, Julai 1995, Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Benjamin Mkapa na 336 za Cleopa Msuya. Msuya akatoka, wafuasi wake wakagawanyika kwa namna ambayo wenye kuhesabu duru ya kwanza hawakuitazamia, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Hao Msuya na wafuasi wake ndio waliokuwa na mitumbwi.

Huku kwetu hapakuwa na duru ya kwanza wala ya pili. Mwaka 2018 Rais Joseph Kabila, ambaye katiba haikumruhusu kugombea tena, alinyamaza mpaka tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho ya kupokea majina, na kwa muda wa miezi mingi Kinshasa nzima ilikuwa ikipiga ramli ya aina yake. Alitajwa Aubin Minaku, Spika wa Bunge. Alitajwa Augustin Matata Ponyo, mwana wa Maniema, aliyekuwa waziri mkuu tangu 2012 mpaka 2016, mtu wa hesabu na msemaji mzuri. Na wengine wakatajwa. Siku ile Lambert Mende, msemaji wa serikali, alipotangaza jina la Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa Maniema ya kusini aliyekuwa mbunge wa Kabambare, wapimaji wengi walistaajabu.

Dalili zilikuwapo, ila zilisomwa kinyume. Mwezi wa Februari mwaka ule Shadary alikuwa ametolewa katika wizara ya mambo ya ndani akafanywa katibu wa kudumu wa chama cha Kabila, PPRD, na wengi wakaona ameshushwa, ilhali amewekwa mahali ambapo mashine yote ya uteuzi inapita mikononi mwake. Umoja wa Ulaya ulikuwa umemwekea vikwazo tangu Mei 2017, na wengi wakaona hilo ni doa litakalomwondoa. Lakini kwa mtoaji, mtu ambaye hana mlango wa kutokea nje ya nyumba ni mrithi wa kuaminika zaidi. Waliokosea walifanya kosa la wageni wa barazani: walihesabu sauti.

Upinzani nao, ulipokutana Geneva tarehe 11 Novemba, ulikuwa na viongozi saba mezani, na aliyetazamiwa na wengi alikuwa Félix Tshisekedi. Akachaguliwa Martin Fayulu. Kesho yake Tshisekedi na Vital Kamerhe, mmoja wa wale saba, wakaondoa sahihi zao kwa ghadhabu ya wafuasi wao, na tarehe 23 Novemba, Nairobi, wakafanya mapatano yao wawili. Uchaguzi ulikuwa tarehe 30 Disemba. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Tshisekedi kuwa mshindi kwa kura 38.57 katika mia, Fayulu 34.83, na Shadary wa tatu kwa 23.84, matokeo ambayo Fayulu aliyakana, na Kanisa Katoliki likasema hayalingani na taarifa za waangalizi wake.

Wale wanaotaka kuandika historia ya uongozi katika nchi ya Wamaza na jirani zao nawasihi wasianze na majina ya walioshinda, ambayo yamo katika kila kitabu, bali waende wakawaulize wazee wa njia ya Kabambare na wa ukingo wa Lualaba ni nani katika kila zamani alikuwa na mitumbwi, na alimpa nani, na siku gani. Maana wazee hao wamebaki wachache, na hakuna aliyeyaandika hayo kwa ukamilifu.